Tafiti za Muda Mrefu kwa Watumiaji wa Dawa za Kulevya: Namna Zinavyoendeshwa na Haki za Washiriki

Mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Huduma hiyo ilifika baadaye katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha ikaenea katika mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kwa upande wa Zanzibar, hutolewa Kidongo Chekundu, Unguja. Mteja wa kliniki hizo hunywa dozi yake kila siku mbele ya mtoa huduma, na mahudhurio yake huandikwa.

Kumbukumbu hizo za kila siku zimesaidia zaidi ya tiba yenyewe. Utafiti uliofuatilia wateja 629 walioandikishwa Muhimbili katika miaka miwili ya mwanzo ulionesha kwamba baada ya miezi 12, asilimia 57 walikuwa bado wanaendelea na dawa. Waliopewa dozi ya chini ya miligramu 40 kwa siku walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuacha kuliko waliopewa dozi za juu. Vivyo hivyo, wateja waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukatiza tiba. Matokeo hayo mawili yana maana ya moja kwa moja kwa daktari anayepanga dozi na kwa Serikali inayopanga huduma za ushauri nasaha, na hayawezi kupatikana kwa kumhoji mtu mara moja tu. Ni lazima mtu yuleyule aonekane tena na tena.

Huo ndio utafiti wa ufuatiliaji. Watu huandikishwa, hupimwa, kisha hurudiwa kila baada ya muda maalumu, mara nyingi miezi mitatu au sita, kwa mwaka mmoja, mitano au zaidi. Ni tofauti na utafiti wa kupima hali ya jamii kwa wakati mmoja. Mathalani, Unguja ilifanya tafiti za VVU na tabia hatarishi kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya mwaka 2007 na tena mwaka 2012. Tafiti hizo zilitumia njia ambayo mshiriki hupewa kuponi chache za kuwaalika wenzake, nao wakawaalika wengine, hadi idadi inayotakiwa inapotimia. Njia hiyo huliona kundi lililojificha, na ikirudiwa huonesha kama maambukizi yanapanda au yanashuka. Lakini waliopimwa mwaka 2012 si wale wa mwaka 2007. Hivyo haiwezi kueleza nini kilimtokea mtu mmoja baada ya kuanza methadoni, baada ya kutoka gerezani, au baada ya kuhamia mji mwingine.

Mifano mikubwa ya ufuatiliaji wa aina hii iko nje ya Afrika. Katika jiji la Baltimore, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza mwaka 1988 kuandikisha karibu watu 3,000 waliowahi kujidunga dawa, wakawa wanawaita kila baada ya miezi sita. Utafiti huo umedumu kwa zaidi ya miaka 30. Jijini Amsterdam, Uholanzi, ufuatiliaji wa watumiaji wa dawa ulianza mwaka 1985, na mwaka 2007 ulitoa matokeo yaliyobadili mtazamo wa wengi: waliopata methadoni ya kutosha na pia kubadilisha sindano zao zote kwa sindano safi walikuwa na maambukizi machache ya VVU na homa ya ini aina ya C, ilhali huduma moja peke yake haikuonesha kinga hiyo. Wapangaji wa huduma waliokuwa wakibishana kipi kitangulie, sindano au methadoni, walijibiwa na takwimu za miaka mingi.

Kumpata tena mshiriki

Ugumu wa tafiti hizi haupo katika maabara. Upo katika kumpata tena mtu aliyeandikishwa. Mtumiaji wa heroini anaweza kulala maskani moja wiki hii na nyingine wiki ijayo. Simu huuzwa au huibiwa. Jina analojulikana nalo kijiweni silo lililo katika kitambulisho chake, kama anacho kitambulisho. Wapo wanaokamatwa, wanaorudishwa kwao na ndugu, wanaoingia nyumba za upataji nafuu, na wanaofariki dunia bila watafiti kujua.

Ikiwa watakaopotea wangefanana na watakaobaki, hasara ingekuwa ya idadi tu. Bahati mbaya hawafanani. Chukua mfano wa kufikirika. Watu 400 wasio na maambukizi ya homa ya ini wanaandikishwa. Baada ya miaka miwili wanapatikana 260, na kati yao 13 wameambukizwa, sawa na asilimia 5. Ripoti inaandikwa kwamba hali ni ya kuridhisha. Lakini kama katika wale 140 waliopotea wameambukizwa 35, ukweli ni watu 48 kati ya 400, yaani asilimia 12. Aliyepoteza makazi, anayejidunga mara nyingi zaidi na aliye mbali na huduma ndiye mwepesi wa kupotea, na ndiye mwepesi wa kuambukizwa. Utafiti unaompoteza huyo huleta habari njema zisizo za kweli, na bajeti ya huduma hupunguzwa mahali ambapo ilipaswa kuongezwa.

Kwa sababu hiyo, utafiti ulioandaliwa vizuri huanza kazi ya kumtafuta mshiriki siku ileile anayoandikishwa. Huulizwa majina yote anayoitwa, maskani anazopendelea na saa anazokuwepo, mama lishe anakokula, ndugu anayeelewana naye, na mtu ambaye daima hujua aliko. Taarifa hizo huhakikiwa upya kila anapohudhuria, kwani anwani ya miezi sita iliyopita huwa imeshapitwa na wakati. Mshiriki mwenyewe ndiye anayeamua nani aulizwe na nani asiulizwe. Akisema dada yake asiguswe, hilo huandikwa na kuheshimiwa, hata kama dada huyo ndiye pekee mwenye simu inayopatikana.

Wanaokwenda kutafuta kwa kawaida ni waelimishaji rika, wengi wao wakiwa watu waliopitia uraibu na wanaoaminika vijiweni. Namna wanavyouliza ina uzito. Mfuatiliaji hafiki mlangoni akasema anamtafuta mshiriki wa utafiti wa dawa za kulevya. Husema anatoka kwenye mradi wa afya, huacha ujumbe mfupi usiotaja ugonjwa wala tabia, kisha huondoka. Hapaswi kuvaa fulana yenye nembo inayotambulika mtaani. Kosa dogo la mfuatiliaji mmoja linaweza kumfukuzisha mtu kwao.

Waelimishaji rika nao wanahitaji uangalizi. Kazi hiyo huwarudisha kila siku katika maskani walizozihama. Mradi makini huwapangia zamu wawili wawili, huwapa ushauri nasaha wa mara kwa mara, na huandika mapema utaratibu wa kumsaidia, badala ya kumfukuza, yule anayerudia kutumia. Miradi inayowalipa posho ya kubahatisha huwapoteza, na kila anayeondoka huondoka na ramani ya maskani iliyo kichwani mwake.

Imani hiyo ya vijiweni ndiyo iliyofichua mambo ambayo dodoso la kawaida lisingeyagusa. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha taarifa ya watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam kuhusu wanawake waliokuwa wakigawiana damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, kwa kuamini kwamba ina heroini ya kutosha kuondoa arosto. Hatari yake kwa VVU na homa ya ini haihitaji maelezo. Hakuna mwanamke ambaye angemweleza jambo hilo msaili mgeni katika mahojiano ya dakika ishirini.

Ridhaa isiyotolewa mara moja

Mtu aliyelewa dawa hawezi kutoa ridhaa. Mtu aliye katika arosto kali naye hawezi kuitoa kwa uhuru, maana atakubali lolote ili apate nauli aondoke. Msaili hufundishwa kutambua hali zote mbili, na kumwomba mhusika arudi baadaye bila kumnyima nafasi yake. Lakini kutumia dawa za kulevya peke yake hakumwondolei mtu uwezo wa kuamua. Zipo kamati zilizowahi kutaka kila mshiriki awe hajatumia chochote siku hiyo. Sharti hilo, kwa mtu anayetumia kila siku, lina maana kwamba atahojiwa akiwa mgonjwa.

Njia inayokubalika ni kumweleza mhusika utafiti kwa Kiswahili chepesi, kisha kumwuliza arudie kwa maneno yake: utafiti unahusu nini, utachukua muda gani, anaweza kujitoa lini, na nini kitatokea akijitoa. Asiyeweza kujibu hasaini siku hiyo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na mradi, na shahidi huyo husaini pamoja naye. Kwa kuwa utafiti ni wa miaka, ridhaa hukumbushwa katika ziara zinazofuata na huombwa upya kila utaratibu unapobadilika. Aliyekubali kutolewa damu kupimwa VVU hajakubali damu hiyohiyo ihifadhiwe kwa vipimo vingine, wala isafirishwe nje ya nchi.

Jambo moja lapaswa kusemwa waziwazi kwa kila mteja wa kliniki za methadoni: dozi yake haitegemei utafiti. Anayekataa kushiriki, au anayejitoa katikati, huendelea kupata dawa kama kawaida. Pale ambapo mtoa dawa na mtafiti ni mtu mmoja, mteja huweza kuogopa kusema hapana, hivyo ni vyema ridhaa iombwe na mtu asiyehusika na tiba yake.

Suala la fedha huzua maswali kila mara. Wapo wananchi wanaoona kumlipa mtumiaji ni kumnunulia unga. Hata hivyo, mshiriki hupoteza muda, hupanda daladala na hukosa kibarua cha siku hiyo kama mshiriki wa utafiti mwingine wowote, na kumnyima fidia inayotolewa kwa wengine ni ubaguzi. Kinachoangaliwa na kamati ya maadili ni kiwango: kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya mtu afiche ugonjwa au ajiandikishe mara mbili kwa majina tofauti, wala kisiwe kidogo kiasi cha kumfanya atembee kwa miguu kutoka Tandika hadi Upanga. Fidia hutolewa kwa kila ziara. Kuilimbikiza hadi mwisho ili kumlazimisha mtu abaki hakukubaliki.

Siri na sheria

Hapa ndipo mshiriki anapoweza kudhurika zaidi. Kutumia na kumiliki dawa za kulevya ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na dodoso la utafiti limejaa majibu ambayo mtu asingeyatoa polisi. Cheti cha maadili si kinga ya mashitaka. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1970 iliweka msingi wa hati maalumu inayomruhusu mtafiti kukataa kutoa majina ya washiriki wake hata mahakamani. Mtafiti wa hapa nchini hapaswi kuahidi ulinzi wa namna hiyo katika fomu ya ridhaa. Anachoweza kuahidi ni kutokusanya asichokihitaji, na kukitunza vyema alichokikusanya.

Utaratibu ni wa kawaida ila hudai nidhamu. Dodoso na sampuli hubeba namba pekee. Orodha inayounganisha namba na jina hukaa mahali pengine, imefungiwa, na hufunguliwa na watu wawili au watatu wanaofahamika. Taarifa za kumtafutia mshiriki, ambazo kwa asili zinamtambulisha, hazichanganywi kamwe na majibu yake. Maswali kuhusu muuzaji ni nani na anapatikana wapi huondolewa, kwani hayana faida ya kiafya na yanaweza kuuza roho ya mtu. Upo wajibu mmoja unaozidi siri: ikiwa mtoto anadhulumiwa au uhai wa mtu uko hatarini, mtafiti huchukua hatua, na mshiriki huelezwa hilo kabla ya kusaini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya na za makosa katika kundi la taarifa nyeti. Aidha, Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo.

Alama za vidole zimekuwa hoja ya pekee. Kitaalamu zinavutia: hazipotei kama kadi, na humgundua aliyejiandikisha mara mbili. Nchini Kenya, pendekezo la kuzitumia katika utafiti wa kitaifa wa makundi yaliyo katika hatari zaidi ya VVU lilikataliwa na makundi yenyewe, kama ilivyoelezwa katika ripoti ya shirika la KELIN ya mwaka 2018. Walihofia kwamba alama hizo zingeweza kufika kwa vyombo vya dola. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wa kutosha, kwani mtu hawezi kubadilisha kidole chake kama abadilishavyo namba ya simu.

Vibali na usimamizi

Utafiti wowote wa afya kwa binadamu Tanzania Bara huhitaji cheti cha maadili. Tafiti za kitaifa hupitiwa na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Watafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na majaribio ya dawa hupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar ina kamati yake chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Cheti cha NIMR hudumu mwaka mmoja, hivyo utafiti wa miaka mitano hurudi mbele ya kamati kila mwaka ukieleza wangapi wameandikishwa, wangapi wamepotea na madhara gani yametokea. Sampuli za damu hazitoki nchini bila makubaliano maalumu ya kuzihamisha.

Vifo huripotiwa pia. Katika kundi hili vifo haviepukiki kabisa, na mradi usio na maandalizi huduwaa kifo cha kwanza kinapotokea. Maandalizi ya chini ni wafanyakazi waliofunzwa kumhudumia aliyezidisha dozi, dawa ya nalokisoni pale inapopatikana, na njia inayofahamika ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Anayekutwa na VVU, kifua kikuu au homa ya ini huunganishwa na huduma siku hiyohiyo, bila kusubiri utafiti uishe. Mtafiti anayeandika mwaka hadi mwaka kwamba mtu anaumwa bila kumpeleka kwenye tiba amevunja maadili. Dunia iliona hilo Tuskegee, Marekani, ambako kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uangaliwe.

Mshiriki anayekamatwa na kufungwa huleta swali gumu. Gerezani uhuru wa kukataa ni mdogo, na askari huweza kusikia mahojiano. Isipokuwa kamati imeidhinisha mahsusi, mahojiano husimamishwa na kuendelea atakapotoka. Wiki za kwanza baada ya kuachiwa hupewa kipaumbele katika ufuatiliaji, kwa kuwa mwili uliopumzika hauhimili tena dozi ya zamani, na wengi hupoteza maisha wakati huo.

Mwananchi anayealikwa kushiriki ana haki ya kuoneshwa cheti chenye namba na tarehe ya mwisho wa kutumika, kubaki na nakala ya fomu ya ridhaa, na kupata jina na simu ya mtafiti mkuu pamoja na za kamati ya maadili. Namba ya kamati ipo kwa ajili ya malalamiko, na mshiriki haulizwi kwanza na mradi kabla ya kuitumia. Utafiti unapofungwa, matokeo hurejeshwa kwa walioshiriki kwa lugha wanayoielewa, mara nyingi kupitia waelimishaji rika walewale na katika maskani zilezile, na orodha ya majina huharibiwa kwa tarehe iliyotajwa ndani ya fomu waliyosaini.